Pangani, mto wetu unapoishia

Kwetu likizo ni Juni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, watoto wangu watatu wote wanasoma, na mume wangu naye hupata siku zake za mapumziko katikati ya mwaka. Desemba ina mwenyewe. Desemba tunakwenda Gonja, Upare, kuona ndugu na kusafisha makaburi, na hakuna wa kulibadilisha hilo. Kwa hiyo bahari tunaiweka Juni, shule zikifungwa.

Mwaka 2022 tulichagua mahali kwa picha. Nilikaa usiku na simu nikiangalia maji ya buluu na minazi iliyolala, nikaonyesha nyumba nzima, wakashangilia, tukalipa kabla. Tulipofika, bahari ilikuwa imekwenda. Nasema imekwenda kweli: kuanzia chai ya asubuhi mpaka karibu saa tisa alasiri mbele yetu kulikuwa na matope, majani ya baharini na mawe, na watoto wamekaa na maboya yao kiunoni wakisubiri. Nje ya geti hakukuwa na kitu ila barabara na kuta za hoteli nyingine, wala kioski cha maandazi. Siku ya pili binti yangu wa kati alichoka kusubiri, akatembea kwenye mawe peku, akakanyaga kile kiumbe cheusi cha miiba. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja wa bustani ndiye aliyemsaidia, akachuma papai bichi, akalichanja na kumpaka utomvu wake mguuni, akamwambia, "Nyamaza mwanangu, kesho utakimbia." Siku nne, na tulirudi nyumbani nikiwa siongei kwenye basi.

Nilijilaumu kwa sababu moja. Nafundisha watoto wa darasa la tano kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Nimelifundisha kwa miaka, na sikulitumia hata siku moja kwa ajili ya watoto wangu mwenyewe.

Basi mwaka 2024 nilianza mapema, tangu Machi. Tulikuwa sita: sisi wawili, kijana wetu mkubwa wa kidato cha pili, yule wa kati wa darasa la tano, kitindamimba wa miaka mitano, na mama mkwe. Mama ana miaka 71 na magoti yake yana siku nzuri na siku mbaya. Anaishi nasi tangu 2021. Kalima mahindi, maharage na tangawizi kwenye mteremko wa Gonja maisha yake yote, na bahari hajawahi kuiona. Nilipomuuliza anataka mahali pa namna gani, hakuzungumzia bahari kabisa. Alisema, "Msinipeleke mahali pa kukaa ndani ya ukuta. Kuna soko huko? Kuna watu wa kusalimiana nao asubuhi?"

Swali hilo lilinipangia kazi yote. Ufukwe mzuri peke yake haukutosha tena. Tulihitaji mji wenye watu wake, ambao ungekuwa na maisha hata sisi tusingefika.

Tulianza na Bagamoyo. Naipenda Bagamoyo. Nimewahi kupeleka wanafunzi huko, tukaona magofu ya Kaole na jengo walikokuwa wakifikia watu wa misafara, na nilisimama pale misheni nikiwaeleza jinsi mwili wa Livingstone ulivyofikishwa mwaka 1874, umebebwa kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara. Lakini maji ya Bagamoyo yakipwa yanakwenda mbali sana, na mwaka huo sikutaka kusikia habari hiyo. Kilwa aliitaka mume wangu, na ana haki, maana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981 na mtoto wa kidato cha pili angeona kwa macho anachokisoma. Ila kutoka Moshi mpaka Kilwa Masoko ni siku mbili za basi kwa magoti ya Mama. Tukaiweka akiba. Mombasa ni karibu kuliko watu wanavyodhani, unapita Taveta na Voi na siku hiyo hiyo umefika, lakini hati za kusafiria za watu sita na kubadilisha fedha vilitukatisha tamaa. Unguja, Mama alisema hapandi meli, na mjadala ukaishia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara tunalisahau: upepo. Juni ni kusi. Kusi huanza kuvuma kuanzia Aprili hivi kutoka kusini-mashariki, na mpaka Septemba ndiye mwenye bahari. Kaskazi ni Desemba mpaka Machi. Picha nyingi za bahari iliyotulia kama mafuta kwenye sahani si za Juni. Ufukwe unaotazama mashariki bila kizuizi unapigwa na kusi usoni, mawimbi yanakuwa makubwa na majani yanarundikana mchangani. Nilichukua atlasi ya shule, nikapitisha kidole kwenye pwani yote, nikitafuta mahali penye kitu mbele yake. Kidole kikasimama Pangani. Unguja iko kusini-mashariki yake, Pemba upande wa mashariki, na visiwa hivyo viwili vinapunguza ukali wa bahari kabla haijafika bara.

Lakini kusema kweli, atlasi haikuamua. Palipoamua ni Chemka.

Pasaka tulikwenda Chemka, zile chemchemi za Kikuletwa kule Hai, watoto wakaoge. Wanaziita maji moto, ingawa ni ya vuguvugu tu, masafi mpaka unaona mizizi ya mikuyu chini. Binti yangu wa kati alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji, akauliza, "Mama, haya maji yanakwenda wapi?" Nikamjibu kama mwalimu. Yanakwenda Mto Kikuletwa. Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unakutana humo na Mto Ruvu unaotoka upande wa pili wa Kilimanjaro, na pamoja vinatoka vikiitwa Mto Pangani. Hata Karanga wetu, huu unaopita karibu na nyumbani, unaishia humo humo. Kisha mto unateremka, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na baada ya kilomita zipatazo 500 unaingia baharini.

Mama alikuwa kwenye mkeka nyuma yetu akimenya ndizi. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na Mkomazi?"

Nikamwambia Mkomazi nao unaingia huko huko, chini zaidi, kabla ya Korogwe. Mito ya Gonja inashuka Mkomazi, na Mkomazi unaungana na Pangani.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo maji ya kwenu na ya kwetu yote yanafika huko. Sisi tu ndio hatujafika."

Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama.

Kilichobaki ni kupata nyumba, na hapo nilijiwekea mtihani mmoja. Kila niliyempigia simu nilimuuliza: tarehe 22 Juni maji yatajaa saa ngapi? Kijana wa mapokezi wa sehemu moja alinijibu, "Dada, bahari ipo muda wote." Nikamshukuru, nikakata. Wa pili alisema ataniulizia, hakupiga tena. Wa tatu alikuwa mama wa Pangani mjini anayekodisha vyumba vitatu kwenye nyumba yake ya zamani, namba yake nilipewa na mwalimu mwenzangu aliyewahi kufundisha Muheza. Huyo hakunyamaza hata sekunde tano. "Ngoja nihesabu, mwanangu. Iddi Jumatatu, ndiyo mwezi kumi wa Mfungo Tatu. Jumamosi tarehe 22 ni mwezi kumi na tano, mwezi mpevu. Bamvua hilo. Maji yatakupwa saa nne asubuhi, yatajaa saa kumi jioni, na yatajaa sana. Mkija mapema katikati ya wiki mtayakuta yanajaa mchana mchana, watoto waoge baada ya chakula."

Nilikuwa nimekaa jikoni na kalamu mkononi. Kila alichosema kilikuwa sahihi, na alikuwa amekipata kwa kuhesabu kichwani siku za Mfungo Tatu, mwezi wa Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati yake, siku ya saba na ya ishirini na mbili ya mwezi, ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Na kila siku maji yanachelewa kwa dakika kama hamsini kuliko jana yake. Nikamwambia, "Shikamoo mama, tunakuja." Akacheka, akasema, "Marahaba, karibuni nyumbani."

Tuliondoka Moshi Jumatano tarehe 19 alfajiri kwa basi la Tanga. Milima ya Upare ilitusindikiza mkono wa kushoto mpaka Mama akachoka kutuonyesha majina. Same, Hedaru, Mombo, Korogwe. Baada ya Segera hewa ikabadilika, ikawa nzito na yenye joto, na Muheza tukanunua machungwa dirishani, wavu mzima, maana Juni ndio msimu wake, na yale yanayouzwa Moshi huwa yamechoka njiani. Tanga tulifika mchana. Mji huo una jina lake, Waja Leo Waondoka Leo, nasi tuliutimiza bila kukusudia, tukala wali, tukapanda Coaster ya Pangani. Barabara ilikuwa inajengwa, kipande lami, kipande vumbi, minazi na mkonge pande zote mbili. Kitindamimba alilala mapajani mwa bibi yake kipande chote hicho, na ndiye wa kwanza kushtuka na kuuliza, "Harufu ya nini hii?" Ilikuwa chumvi.

Pangani ni mji mdogo. Unaweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja, hata kwa magoti ya Mama, ukipumzika. Upo pale mto unapoingia baharini, ukingo wa kaskazini, na ng'ambo ni Bweni, kilima chenye minazi. Pantoni ilikuwa inavuka huku na huku kutwa nzima na watu, baiskeli, bodaboda, magunia ya nazi. Nguzo za daraja jipya, la zaidi ya mita 500, zilikuwa zinajengwa mtoni, na kila mtu uliyekaa naye barazani alikuwa na maoni yake kuhusu pantoni itakuwaje daraja likiisha. Kuna nyumba za zamani za mawe Mtaa wa India zenye roshani za mbao, nyingine zimetunzwa, nyingine zimeota miti kwenye kuta. Zile zilizoota miti ziliniuma. Mlango wa nakshi uliofungwa kwa waya, juu yake hakuna paa. Natamani wenye uwezo waziokoe kabla hazijaanguka, kwa sababu mji huu ulikuwa mkubwa kabla Tanga haijawa kitu.

Kijana wangu mkubwa alijua jambo moja tu kuhusu Pangani: Abushiri. Alikuwa amelisoma. Vita vya watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani vilianza hapa mwaka 1888, walipokuja kupandisha bendera yao na kutaka ushuru wa forodha. Abushiri bin Salim alikamatwa mwaka uliofuata, akanyongwa hapa hapa Pangani mwezi Desemba 1889. Nilimwona amesimama karibu na boma, jengo la serikali mpaka leo, mikono mfukoni, akiwa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Jioni akaniambia, "Mama, kumbe ni mahali. Mimi nilidhani ni swali la mtihani."

Nyumba yetu ilikuwa na baraza linalotazama mtaa, na hilo ndilo Mama alilolihitaji. Asubuhi ya kwanza, kabla sijaamka, alikuwa amekwisha kusalimiana na nusu ya watu wa mtaa. Mwenye nyumba ana miaka sitini na kitu, kwa hiyo alimwamkia Mama, "Shikamoo dada," na tangu hapo wakawa dada na mdogo wake. Walikwenda soko pamoja, wakaenda ufukweni samaki waliponadiwa, wakarudi na fungu la vibua na Mama akiwa amejifunza majina: changu, tasi, kolekole, pono. Siku ya pili akamkuta mwenzake anachemsha mahindi na maharage, akafurahi kuona makande. Kumbe pale yanatiwa tui la nazi na yanaitwa pure. Walibishana nusu saa jikoni kuhusu nani aliyempa nani pishi hilo. Tulikula pure, tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wa kupaka, na kila alfajiri baada ya adhana kijana mmoja alipita na vitumbua vya moto kwenye ndoo. Kitindamimba alimngoja mlangoni kama mtu anayesubiri basi.

Sasa niseme jambo ambalo mtu anayekwenda Pangani lazima alijue, kwa sababu wengine hukasirika wakifika. Maji ya pale mjini si ya buluu. Ni mdomo wa mto, maji ni ya kahawia, mkondo una nguvu sana hasa maji yanapopwa, na huko juu mtoni kuna mamba. Mtoto asiingie mtoni, hata kunawa miguu kwenye ngazi. Tulilisema hilo siku ya kwanza, tukalirudia kila asubuhi. Kuogelea tulivuka kwenda Ushongo, kusini, kwa pantoni kisha bajaji mbili kwa njia ya udongo. Ushongo ni mchanga mrefu, minazi, mashua za wavuvi zimepumzika, na maji yanayoingia taratibu kiasi kwamba kitindamimba alitembea mbali na bado yanamfika kiunoni. Tulikwenda Alhamisi na Ijumaa, tukafika saa tano, maji yakija. Kusi ilivuma, sikatai. Mchana ilipeperusha kofia na kuleta majani, lakini mawimbi yalikuwa ya kuchezea. Na safari hii watoto wote watatu walivaa yeboyebo ndani ya maji.

Mavazi nayo tulijadiliana mapema. Ufukweni kwenye nyumba za wageni kila mtu avae atakavyo, lakini ukipita kijijini na mjini unajifunga kanga. Ni mji wa Waislamu, watu wazima wapo barazani, na heshima inarudi kwako siku hiyo hiyo. Binti yangu alinunuliwa kanga mbili na mwenye nyumba, moja ya kuogea, moja ya kutokea.

Jumamosi, siku ya bamvua, tukaenda Maziwe bila Mama. Nimewaza sana jinsi ya kuieleza Maziwe. Ni kisiwa ambacho kipo asubuhi na jioni hakipo. Zamani kilikuwa na miti, mivinje, na kasa walikuja kutaga humo. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Miti iliisha, wazee wanasema ilikatwa, na mchanga ukakosa kitu cha kuushika. Sasa ni fungu la mchanga mweupe linalotokea maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kasa wengine bado wanarudi kutaga, kwa sababu kasa hurudi alikozaliwa, na walinzi huhamisha mayai hadi Ushongo yasizame.

Tulitoka saa mbili asubuhi kwa boti ya injini, upepo bado haujaamka. Kabla sijatoa hela niliomba kuona jaketi okozi la mtoto wa miaka mitano, likaletwa, nikamvalisha mwenyewe pale pale nchi kavu. Mwanzoni hakukuwa na kitu mbele yetu ila maji. Kisha mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Tulipofika ulikuwa umekuwa kiwanja. Mkubwa wangu aliazima miwani ya kuzamia, akaweka kichwa majini pembeni ya mwamba, akakiinua akapiga kelele jina langu, "Mama! Mama!" Nikakimbia nikidhani ameumia. Alitaka tu nione samaki. Saa tano na nusu nahodha akasema tuondoke, maji yanageuka na kusi inakuja. Binti yangu alikaa nyuma ya boti akitazama mchanga ukipungua. Aliniuliza, "Wale kasa wanajuaje kwamba bado kipo?" Sikuwa na jibu la mwalimu.

Yalijaa saa kumi, kama tulivyoambiwa kwa simu wiki mbili kabla. Mpaka juu ya ukingo wa mawe mbele ya mji. Watu walitoka kuangalia, hata wenyeji.

Hesabu ya fedha, kwa wanaoniuliza: watu sita, usiku sita, nauli, chumba, chakula, boti, bajaji, kanga na machungwa, tulitumia kama shilingi 1,400,000. Mwaka 2022 siku nne zilikula zaidi ya hapo.

Nimeiacha Jumapili mwisho. Mama alikuwa ameiona bahari Ushongo tangu Alhamisi. Alikaa kivulini, akaitazama, akasema ni kubwa, akaendelea na mazungumzo. Nilivunjika moyo kidogo, nilitarajia zaidi. Lakini Jumapili saa nne na kitu, maji yakiwa yamepwa, aliomba nimpeleke pale mto unapoishia. Tulikwenda polepole, sisi wawili, amenishika mkono, mpaka ufukweni mwisho wa mji. Ukisimama pale maji yakitoka unaona wazi: mto unaingia ukiwa wa kahawia, bahari ni ya kijani na buluu, na baina yao kuna mpaka, unacheza lakini haupotei. Ile kahawia ilikuwa imekwenda mbali sana ndani ya bahari.

Aliangalia kwa muda. Kisha akaniuliza, "Huo ni udongo?"

Nikamwambia ndiyo. Wa kutoka kwetu Moshi mwingi unatuama kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lakini wa Usambara na wa Mkomazi, ukivuka mabwawa madogo ya njiani, unakuja mpaka huku.

"Wa kwetu," akasema.

"Wa kwenu pia, Mama."

Hakusema kitu kingine njiani. Tulipofika barazani alikaa, akaomba simu yake na miwani, akanipa nimtafutie jina la shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyebaki shambani. Akaongea Kipare kwanza, salamu, watoto, mbuzi. Halafu sauti ikabadilika, ile sauti yake ya shamba ninayoijua, akasema ule mteremko wa juu msimu huu usilimwe mpaka matuta ya mawe yarudishwe, yote, na majani ya mbuzi yapandwe kwenye kingo kama baba yake alivyokuwa akifanya. Shemeji lazima alikuwa anauliza kwa nini leo, kwa nini kutoka huko.

"Kwa sababu nimeuona," Mama akamwambia. "Nimekaa hapa nauona unapita."